Sifuri za Siku Arobaini na Moja

Mahabusu ya wanaume
6 Mei

Mpwa wangu Kidomo,

Nakusalimu wewe, mumeo, na yule mdogo ambaye nasikia ameshaanza kung'ata watu. Ukiniuliza hali yangu, ni ya mtu anayelala sakafuni na wenzake thelathini na wawili na goti la kushoto limegoma kukunjika. Miaka ishirini na sita nimelalamikia kelele za pampu. Leo nazitamani.

Najua umesoma magazeti. Watu kumi na mmoja wamekufa kwa homa ya matumbo, na maji waliyokunywa yalitoka kwenye mtambo wangu. Pampu ya dawa ilianza kuchoka mwanzoni mwa Februari, maji yakawa yanatoka dawa haijatosha. Vipimo vinane vilivyofungwa kwenye mabomba viliona. Ile programu yetu ndiyo iliyotakiwa kuzihesabu namba mbovu kila siku na kupiga king'ora zikizidi tatu. Haikupiga. Kila asubuhi saa moja iliniletea ujumbe kwenye simu, "Mbovu: 0". Siku arobaini na moja, sifuri tupu, nami nikameza chai yangu nikijua watu wako salama.

Walionishtaki wanaamini programu ni yangu peke yangu, na iwe hivyo. Hawajui habari za karatasi zako za mraba ulizoniandikia programu hiyo. Hawajui kwamba mashine yetu haikuwa na mtandao, ila laini ya simu ya kutuma ujumbe tu, nikawa nainakili barua yako herufi kwa herufi kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa. Nimemtumia mkaza mjomba wako neno achome kila karatasi yenye mwandiko wako. Usimlaumu, ni amri yangu. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini si lazima amshike mwenzake shingo.

Ninalokuomba ni moja. Kesi inasikilizwa tarehe 9 Juni. Kabla ya siku hiyo nataka kujua ile programu ilinidanganyaje. Mama Chupa wa maabara, yule anayetembea na chupa zake za sampuli mpaka sokoni, alichapa nakala kabla mashine haijachukuliwa. Atakutumia. Yeye pia ndiye anayepitisha barua hizi kila Alhamisi anapokuja kunitazama, kwa hiyo usiandike kwa anwani ya hapa. Isome unieleze kwa lugha ya mtu wa mabomba. Sitaki kufungwa kwa jambo nisilolielewa.

Ni mimi mjomba wako.

*

Nyumbani
14 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Mtoto ni mzima. Jana alimng'ata baba yake sikio.

Nakala ilifika Jumatatu. Mistari kumi na saba. Juu kabisa kuna ule utani wangu, "Mjomba, usiguse bila kuuliza", na ile hesabu niliyoipa jina la mbovu. Ni kazi yangu, sina pa kukimbilia. Kosa liko mstari wa sita na nililiona kabla sijakaa kwenye kiti.

Nakueleza. Ndani ya lile dirisha jeusi unaloandikia amri yumo karani. Sisi wa kazi hii tunamwita ganda. Karani huyu ana daftari lake, na humo ameandika "mbovu ni sifuri". Ukimwambia hesabu, anahesabu mwenyewe, na daftari lake linabadilika. Lakini ipo alama moja, kijiti kilichosimama wima, ambayo kazi yake ni kuchukua majibu ya amri moja na kuyamwaga ndani ya amri nyingine. Tunaiita bomba, utacheka. Karani akikutana na kijiti hicho hafanyi kazi kwa mkono wake. Anazaa makarani wengine, mmoja kila upande wa kijiti. Hao ndio maganda-watoto. Kila mmoja anapewa nakala ya daftari, na mzazi anakaa kuwasubiri.

Sasa sikiliza. Mtoto anahesabu vizuri kabisa. Moja, mbili, tano, saba. Lakini anaandika kwenye nakala yake. Akimaliza anakufa, na nakala inakufa naye. Daftari la mzazi halikuguswa, bado limeandikwa sifuri, na ni hilo lililokuletea ujumbe saa moja asubuhi. Kitu pekee ambacho mtoto humwachia mzazi ni namba moja ya kueleza amekufaje. Na kwetu sifuri maana yake amekufa salama, kazi imekwisha, hakuna tatizo.

Kosa hili nalifundisha, mjomba. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia jihadharini na kijiti kabla ya kuhesabu. Kumbe nililiandika mwenyewe nikakutumia wewe kwa posta. Sikumbuki kuuandika mstari ule, wala kichujio cha kuondoa baadhi ya namba kilichokaa kabla ya kijiti. Nimejikamua kichwa, sikumbuki. Lakini nani mwingine angeuandika?

Orodha ya marehemu nimeikata gazetini, iko hapa mezani. Wa mwisho ana miaka minne. Tarehe 9 ninakuja kumwambia hakimu.

Kidomo

*

Mahabusu
21 Mei

Kidomo,

Marahaba. Na ukae hapohapo ulipo.

Nimekulea tangu dada yangu alipofariki, ukiwa unavaa viatu upande si wake, na sijawahi kukuamuru jambo zaidi ya mara mbili. Hii ni ya tatu. Usije. Mashine ilikuwa mikononi mwangu, kiti kilikuwa changu, zamu ilikuwa yangu. Wakili anasema miaka minne, labda saba. Mimi nina hamsini na nane na goti bovu, watanipa kazi ya kukaa. Wewe una mtoto anayeota meno. Hapo hesabu haitaki karani.

Barua yako nimeisoma hadi imechakaa kwenye mikunjo. Mimi, mtu wa mabomba, kuponzwa na bomba! Nilimweleza mwenzangu wa kulala ubavuni, fundi cherehani, akasema dunia ina adabu mbaya.

Kuna jambo linanisumbua. Unasema yule mtoto alihesabu sawasawa. Ina maana kila siku, ndani ya ile mashine, namba ya kweli ilikuwepo? Saba ilikuwa saba, hata kwa kupepesa jicho? Halafu ikafa naye?

Na swali jingine, la kupitisha muda tu. Kama mstari ule usingekuwa na kijiti, ungekuwaje?

Usimsumbue mkaza mjomba wako kwa habari za makaratasi. Alikwisha fanya nilivyomwambia.

Mjomba wako

*

Nyumbani
29 Mei

Mjomba, shikamoo.

Ndiyo. Namba ilikuwepo. Mama Chupa amenitumia vipimo vya zile siku arobaini na moja, nikavipitisha kwenye programu nyumbani, nikamlazimisha mtoto aseme hesabu yake kabla hajafa. Tarehe 2 Februari, mbovu tano. Tarehe 3, sita. Tarehe 11, kumi na tisa. Kila siku alijua, na kila siku alikufa na habari yake.

Bila kijiti ungekuwa hivi. Amri ya kuhesabu inakaa peke yake, na mwisho wake unaweka mshale mdogo unaotazama kushoto, kisha jina la faili la vipimo. Basi. Mshale unamletea karani faili lenyewe mezani. Hazai mtu. Anahesabu mwenyewe kwenye daftari lake. Nilijaribu na mshale, na tarehe 2 Februari king'ora kikapiga ndani ya sekunde moja. Mume wangu alitoka bafuni akikimbia, povu usoni. Nilikaa chini nikalia.

Alama moja, mjomba. Ningeweka ile badala ya hii, mtoto wa miaka minne angekuwa na miaka minne na nusu.

Silali. Chakula nakipika nasahau kukipakua. Darasani nimeomba likizo kwa sababu nilifika kwenye somo la kijiti nikashindwa kufungua mdomo, mimi, Kidomo. Usiniambie tena nisije. Nimeshamwandikia karani wa mahakama na tiketi ninayo. Uliniambia nikiwa mdogo, aliyevunja ndiye anayeokota vipande. Nilivunja bakuli tu siku ile.

Tutaonana tarehe 9.

Kidomo

*

Mahabusu
3 Juni

Mpwa wangu,

Rudisha tiketi. Safari hii si amri, ni aibu inayokuomba.

Mshale ulikuwepo.

Karatasi yako naiona kama naishika. Ya mraba, kona moja ina doa la wino, na mstari ule unaishia kwa mshale na jina la faili. Uliuchora mshale mkubwa kuliko herufi, ukaandika pembeni "unatazama kushoto, mjomba, kushoto ni upande wa saa yako". Mwaka mzima programu ilifanya kazi. Iliniletea moja, mbili, sifuri, moja, kama bomba lolote lenye afya.

Januari kipimo namba nne kiliharibika. Kikawa kinatoa namba mbovu kumi, ishirini kwa siku, maji yakiwa safi kama macho ya mtoto. King'ora hakinyamazi. Niliomba kipimo kipya, fomu ikalala juu ya fomu nyingine. Mkuu wa zamu akaniambia, "Mzee, nyamazisha hicho kitu, ama nikinyamazishe na nyundo." Uliniandikia nisiguse bila kuuliza. Nilikusudia kuuliza. Lakini nilikuwa na kile kitabu cha amri ulichoniachia, nikakikuta humo kile kichujio cha kuondoa mistari usiyoitaka, na mfano wake, na kijiti chake. Nikasema, nami nimekua. Tarehe 23 Januari niliondoa mshale wako nikaweka kichujio na kijiti. Kesho yake asubuhi, sifuri.

Nilifurahi, Kidomo. Nilimwonyesha mkuu wa zamu simu. Nilitaka nikuandikie nijisifu, nikaona nisubiri ukija likizo. Sifuri zikaja kumi, ishirini, arobaini, nami mtu niliyezoea moja na mbili sikujiuliza kitu. Nilidhani namba nne ndiye aliyekuwa mwongo peke yake.

Nilipoandika barua ya kwanza sikujua haya, naapa kwa kaburi la mama yako. Nilidhani nakuficha wewe. Nilijua uliponieleza habari ya kijiti, siku nilipopokea barua yako ya tarehe 14. Nikakuuliza lile swali la kupitisha muda ili nipate uhakika, na hata kabla ya jibu uhakika nilikuwa nao. Nikanyamaza. Ulikuwa mtu wa mwisho duniani aliyeamini mjomba wake alifanya kama alivyoambiwa, nikashindwa kukunyima wewe imani hiyo, au kujinyima mimi. Sijui ni ipi. Nikakuacha ukae na orodha ya wafu wangu mezani kwako.

Usije. Nikisimama tarehe 9 nitasema yote mwenyewe.

Mjomba

*

Mahabusu ya wanawake
13 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia kwa anwani ya nyumbani kwako, maana wewe umetoka na mimi nimeingia. Wameniita mtu wa nje aliyechezea mtambo wa umma bila kibali. Wewe sasa ni mfanyakazi aliyemwamini mtaalamu, ndivyo hakimu alivyosema, na dhamana yako ikapita. Nilikuona ukitolewa kizimbani. Umekonda.

Sitaki unifikirie vibaya kwa kuwa sikukuangalia ulipopiga kelele. "Kulikuwa na mshale! Kulikuwa na mshale!" Watu waliguna. Wakili wako alikuvuta shati ukae, na hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amechoka. Nami niliona uchungu, nikasema mahabusu imemla mzee wangu kichwa. Mshale gani? Ule niliokuandikia Mei ndio uliokuchanganya?

Hakimu aliniuliza kama mstari ule ni mkono wangu. Nikasema ndiyo. Alipoandika, nikasikia mwili umekuwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Hapa tuko ishirini na moja. Kuna mama mmoja ananisuka nywele, anasema siku zinapita kichwa kikishughulika.

Alhamisi kabla ya kesi sikupata barua yako. Mama Chupa alikuwa mgonjwa?

Kidomo

*

Nyumbani
20 Juni

Mpwa wangu,

Mama Chupa alizuiwa getini Alhamisi ile, zamu ya askari ilikuwa imebadilika. Aliipata barua yangu Jumamosi, akaiposti, nawe Jumatatu ulikuwa barabarani. Nimempigia mumeo, ameikuta mlangoni, anakuletea. Ukiisoma utajua mshale gani. Siirudii hapa, nitashindwa.

Nakueleza nilichofanya tangu nitoke. Siku ileile nilikwenda nyumbani moja kwa moja hata salamu sikuitika, nikavuta sanduku la chini ya kitanda. Kitabu cha pampu kipo. Vyeti vipo. Karatasi yako nilikuwa nimeibandika ndani ya jalada la kitabu cha pampu, na jalada halipo. Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Akasema, "Uliniambia kila yenye mwandiko wake. Hata ile ya jalada niliibandua kwa mvuke, ikagoma, nikachoma na jalada lake." Alisema kwa fahari, maskini, alijua amekuokoa. Nilimwambia amefanya vizuri. Ningemwambia nini?

Nimekwenda mahakamani mara tano. Nimemwambia karani, nimemwambia wakili, nimemwandikia hakimu. Mashine wameifungua. Inaonyesha kweli faili lilibadilishwa tarehe 23 Januari, na amri zilizobofywa siku hiyo zote zimo. Nikaruka kwa furaha. Mwendesha mashtaka akauliza, "Alikuandikia barua ngapi?" Nikasema nyingi. "Ya Januari iko wapi?" Nikasema ya Januari haikuwepo. "Na zilizokuwepo ziko wapi?" Nikasema nimezichoma. Akafunga jalada lake. Mashine inakumbuka vidole vilibofya nini, haikumbuki nani aliagiza.

Nikatoa nakala za barua zetu hizi za sasa, alizoziweka Mama Chupa. Karani akasoma ile ya tarehe 3 hadi mwisho, akanirudishia kwa upole. "Mzee, barua ya ndugu kwa ndugu si ushahidi, ni mapenzi. Mjomba gani asingesema hivi?" Mkuu wa zamu naye amesema hakumbuki nyundo wala king'ora.

Kesho nakwenda tena. Pale nje kuna benchi, wamelizoea goti langu.

Mjomba wako

*

Mahabusu ya wanawake
28 Juni

Mjomba,

Mume wangu aliniletea barua ya tarehe 3 Jumapili. Nimeisoma mara tatu.

Mara ya kwanza nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka yule mama wa kusuka akaja kunishika mabega. Sikuwaua. Mtoto wa miaka minne si wangu. Nililala usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi.

Mara ya pili nikatazama tarehe. Ulijua kufikia tarehe 21 Mei. Tarehe 29 nikakuandikia kwamba silali. Ulikuwa unajua, ukaniuliza habari za kijiti kama mtu anayeuliza mvua. Siku zile ndizo nilizoandika kwa karani wa mahakama. Ungesema wiki mbili kabla, leo ningekuwa nyumbani ninang'atwa sikio. Nilikuambia usiguse bila kuuliza, ukaivunja amri yangu. Hiyo nakusamehe, kila mtu hugusa. Kunyamaza ndiko kunanishinda. Nimejaribu na bado.

Mara ya tatu nikaona jambo jingine, na hili linanitisha kuliko kifungo. Umeandika doa la wino, mshale mkubwa, kushoto upande wa saa. Nimefumba macho nikatafuta ile karatasi. Nikaiona ya mraba. Nikaliona doa. Nikafika mstari wa sita, na mahali pa mshale nikakiona kijiti. Nimekisema mbele ya hakimu, nimekisema kwa askari, kwa mume wangu, kwa wenzangu wa humu, mara nyingi mno, hadi kimeota mizizi. Nafuta nakuta kimerudi.

Kuonana ni Jumapili, saa nne hadi saa sita. Njoo. Usilete kitu, wala usije na methali. Mwache mkaza mjomba nyumbani, na asijue kamwe kilichokuwa kwenye lile jalada.

Kaa mbele yangu uutamke ule mstari kwa mdomo wako, tangu neno la kwanza hadi mshale. Halafu urudie. Karatasi haipo, na kichwani mwangu haupo tena. Umebaki kwako tu, na wewe una miaka hamsini na nane.

Mpwa wako